Habari ya Msiba Ina Wenyewe

Mhadhara kwa wauguzi, matabibu, madereva wa magari ya wagonjwa na wananchi, Songea Mjini

Nimeombwa nizungumze juu ya siri ya mgonjwa wa dharura na mitandao ya kijamii. Naomba nianzie mbali kidogo na simu.

Nilipokuwa mtoto, upande wa Namtumbo, habari ya msiba ilikuwa inakwenda kwa miguu. Mtu akifia Peramiho hospitali, hakuna aliyekurupuka kwenda kumwambia mama yake shambani. Wazee walikaa kwanza, wakaulizana nani aende. Alichaguliwa mtu wa makamo mwenye sauti ya kutulia, akapewa mwenzake wa kumsindikiza. Wakifika hawasemi kitu. Wanaomba maji ya kunywa. Wanauliza mahindi yamestawi vipi mwaka huu, nani yupo nyumbani, mjomba yuko wapi, hebu aitwe. Ndipo wanasema mgonjwa amezidiwa, mama ajiandae waende. Mama anaelewa, maana hakuna mtu mzima asiyeelewa maneno yale, lakini amepewa nafasi ya kufunga kanga, ya kufunika moto, ya kushikwa mkono na shemeji yake kabla neno lenyewe halijatamkwa.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia kwamba ule ulikuwa uongo. Labda. Mimi nauita ufundi, na ufundi wenyewe ulisimama juu ya jambo moja ambalo wazee hawakuwahi kuliandika popote: habari ya msiba ina wenyewe, na mwenye habari anapaswa kuipokea akiwa amekaa.

Sasa tazameni tulipofika. Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia kwenye korongo eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Watoto wa darasa la saba walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watatu walionusurika walipelekwa Marekani, jimbo la Iowa, kutibiwa. Mimi siku ile nilikuwa hapa Songea, kwenye kiti cha kinyozi, shuka jeupe shingoni. Jirani yangu akaninyooshea simu: "Mzee, umeona?" Nikaona. Watoto wamelazwa, sare zao zinatambulika, nyuso zinatambulika. Karatu ni mbali na hapa kuliko Lilongwe, lakini picha ilikuwa imeshafika kwa kinyozi. Nikamfikiria mzazi ambaye saa ileile yuko kwenye gari kuelekea Mount Meru hospitali, bado anaomba mwanawe awe miongoni mwa waliopona, simu inalia mfukoni, anaifungua akidhani ni mwalimu.

Hatukushtuka vya kutosha. Tunashtuka wengine wakitufanyia. Januari 2019, baada ya magaidi kushambulia jengo la DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya waliouawa wakiwa wameegemea meza walizokuwa wamekaa. Wakenya walilipuka, na sisi majirani tuliwaunga mkono: wangethubutu kuwaonyesha Wamarekani hivyo? Swali zuri sana. Wengi wetu tuliliuliza kwa simu zilizokuwa na picha za wafu wetu wenyewe, tulizozipokea na kuzisambaza na neno "Polee" na alama ya mikono iliyokunjwa.

Lakini sikuja kuwasema wananchi. Mwananchi anayepiga picha barabarani anakosea, na wengine nao nitawafikia. Niliokuja kuzungumza nao ni ninyi mnaoruhusiwa kuvuka utepe.

Mgonjwa wa kawaida huja mwenyewe. Anapanga foleni, anakaa mbele ya daktari, anachagua aseme nini na aache nini. Akiona daktari ni wa mtaani kwake, anaweza kuaga akaenda kwingine. Siri anayoitoa, ameitoa. Mgonjwa wa dharura hakutoa kitu. Mmemkuta amelala kwenye kona za Lukumburu chini ya lori la makaa ya mawe, au kwenye sakafu ya chumba chake Lizaboni, hajui hata kwamba mmefika. Mnamkata nguo kwa mkasi. Mnamfungua pochi mtafute namba ya ndugu, humo mnakuta cheti cha kliniki, karatasi ya mkopo, picha ya mtu ambaye si mkewe. Mnaingia chumbani kwake bila kubisha na mnaona alivyokuwa anaishi. Hayo yote mmeyapata kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa na uwezo wa kusema hapana. Mtu asiyeweza kusema hapana, kimya chake hakigeuki kuwa ndiyo.

Nilifundishwa hilo na sista mmoja, marehemu sasa, niliyefanya naye zamu za usiku nilipoanza kazi. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kanga mbili kuukuu, zimefuliwa zikanyooshwa. Majeruhi akishushwa kwenye machela, kabla ya dripu, kabla ya kuuliza jina, sista alikuwa ameshamfunika kiuno. Wakati ule hapakuwa na simu za kamera. Alikuwa anamficha na macho ya watu wa kawaida: walinzi, wapishi, ndugu wa wagonjwa wengine waliojazana dirishani. Nilimuuliza mara moja kwa nini asianze na mshipa. Akaniambia, "Mkono mmoja unafunika, mwingine unatafuta mshipa. Una miwili wewe." Sijawahi kusikia somo la taaluma lililonyooka zaidi ya hilo, na nimekaa kwenye semina nyingi zenye chai na maandazi.

Nitawapa mfano wa mbali, kwa sababu unawahusu watu wa kazi yenu hasa. Januari 26, 2020, helikopta ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, karibu na Los Angeles, ikaua watu 9, miongoni mwao mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake Gianna. Askari na wazimamoto waliofika pale walipiga picha za miili kwa simu zao. Picha zikapita kutoka mtu hadi mtu kazini. Askari mmoja alimwonyesha mhudumu wa baa. Tafadhali liangalieni hilo kwa makini: hapakuwa na mtandao wa kijamii hapo, hapakuwa na kurusha popote. Ilikuwa baa, kama mtu hapa anavyoweza kumwonyesha mwenzake simu kwenye kilabu cha ulanzi. Mjane, Vanessa Bryant, alikwenda mahakamani, na kufikia Februari 2023 kaunti ya Los Angeles ilikuwa imekubali kuilipa familia yake jumla ya dola milioni 28.85. Jimbo la California lilishatunga sheria tangu 2020: mwokoaji akipiga picha ya marehemu kwenye tukio kwa sababu isiyo ya kazi, ametenda kosa la jinai. Kosa ni kupiga. Halisubiri picha isambae.

Kwetu sheria zipo, nazo nitazipitia haraka kwa kuwa mwanasheria atazungumza kesho. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 2024. Majibu ya vipimo vya VVU yanalindwa na sheria ya pekee tangu 2008. Madaktari na wauguzi wana mabaraza yao yanayoweza kuwafutia leseni. Jirani zetu Kenya walishaanza kutoza: mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za kwao kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Na zile zilikuwa picha za watoto wazima, wanaocheka.

Kuna milango halali ya kutolea habari. Majeruhi wa ajali au wa kupigwa ana fomu ya polisi, PF3, na mnaijaza. Mahakama ikiita, mnakwenda. Ugonjwa wa mlipuko unaripotiwa kwa mganga mkuu wa wilaya. Sijawahi kuona kwenye orodha hiyo sehemu iliyoandikwa "status".

Status yenyewe tuizungumze, maana hapo ndipo watu wema wanapoteleza. Mtu mwenye nia mbaya simwogopi sana, huyo mwajiri atamshughulikia. Namwogopa muuguzi mwenye huruma aliyetoka zamu ya usiku, amechoka, amepoteza mgonjwa, anaandika: "Leo nimelia. Mwalimu wa kike, mdogo kabisa, kijana amemwacha na mimba. Wanaume muwe na utu." Hakutaja jina. Anaamini amelinda siri. Ndugu yangu, uko Songea! Mji huu, ukishataja mwalimu, wa kike, mdogo, na watu wanajua unafanya kazi hospitali ipi na zamu ilikuwa lini, kufikia saa nne asubuhi soko zima limeshajua ni shule gani, na saa sita wanajua ni kijana gani. Dar es Salaam labda ungepona. Huku kwetu jina ni kitu cha mwisho watu kukihitaji.

Na mengine yana hatari kupita aibu. Mtu aliyejaribu kujiua, kwa Kanuni ya Adhabu yetu, bado anahesabiwa ametenda kosa. Unaposimulia habari yake, hata kwa kumhurumia, umemwanika mbele ya majirani, mbele ya mwajiri na mbele ya sheria kwa siku moja. Ninatamani kifungu hicho kifutwe. Hadi kifutwe, midomo yetu ndiyo kinga aliyonayo.

Nije kwa madereva. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure kwa ajili ya mjamzito au mtoto mchanga, ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022, na ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyotokea katika afya ya nchi hii kwa miaka mingi. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anaitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake, analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Huyu dereva hakusomea uuguzi. Hakula kiapo. Lakini usiku wa manane amemsikia mama akilia kiti cha nyuma, ameona damu, amesikia mama mkwe akimuuliza binti maswali ambayo hayaulizwi mbele ya wanaume. Anajua mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Kesho asubuhi yuko kijiweni, na wenzake wanamuuliza, "Jana ulimbeba nani?" Tumemfundisha njia ya kwenda hospitali, sina hakika kama tumemfundisha njia ya kujibu swali lile. Ningependa kila dereva wa jamii mkoani hapa afundishwe jibu moja na alirudie mbele ya mganga hadi limkae: "Nilibeba mgonjwa."

Sasa lipo jambo ambalo wanaohubiri juu ya simu hulikwepa, nalo ni kwamba simu inaokoa watu. Tabibu yuko kituo cha afya peke yake, saa nane usiku, ana mguu uliovunjika asioelewa umevunjika vipi. Bingwa wa mifupa yuko Muhimbili au Mbeya, safari ya siku nzima. Anapiga picha ya eksirei, anaituma WhatsApp, dakika kumi anajibiwa: usimguse, mfunge hivi, msafirishe. Nani atasimama hapa aseme afanye vingine? Atakayesema hivyo hajawahi kuwa peke yake na mgonjwa saa nane usiku. Kwa hiyo sisemi msitume. Nasema mtumieni mtu, msilitumie kundi. Kundi la madaktari 180 lina madaktari 180, wake zao, watoto wao wanaochezea simu, na mafundi simu watakaoifungua ikiharibika. Kata jina kwenye kona ya eksirei. Uso ukiwa hauhitajiki, usiwemo. Na jueni kwamba simu nyingi, picha ikiingia WhatsApp, inajihifadhi yenyewe pamoja na picha za harusi ya shangazi. Nimeona simu ya daktari ikizungushwa mezani kwenye kipaimara, watu wanatazama keki, wanasogeza kidole, ghafla kimya.

Nilisema nitawafikia wengine. Kuna kamera inayokuja na msafara. Ajali imetokea, majeruhi wamelazwa, kiongozi anakuja kuwapa pole, na ni jambo jema. Lakini nyuma yake wako watu wanne wenye kamera, na sabuni na juisi vinapangwa ili vionekane. Mgonjwa ana mirija puani, hawezi hata kugeuza uso. Jioni yuko kwenye kurasa za mheshimiwa, jina lake, wodi yake, bandeji zake. Najua muuguzi wa zamu hawezi kumwambia mkuu wa msafara "ondoeni kamera". Nimekuwa muuguzi wa zamu, nami nilisogeza pazia ili mwanga uingie vizuri. Hilo ni la mganga mfawidhi, na namwomba aliandike mlangoni, mapema, siku ambayo hakuna mgeni: pole inaingia, kamera inabaki nje. Hospitali nazo zenye kurasa zao, zinazoonyesha uvimbe kabla na baada ya upasuaji na mgonjwa akishukuru, zijiulize huyo mgonjwa angethubutu kukataa akiwa bado ana nyuzi.

Upande wa pili wa jambo hilohilo nautaja kwa sababu nimeona ukitumiwa vibaya. Mwananchi anapiga picha wodi, wazazi wawili kitanda kimoja, mwingine chini. Picha inasambaa. Ghafla wakubwa wote wanakumbuka faragha ya mgonjwa, na anayetafutwa ni mpiga picha. Faragha ni mali ya mgonjwa. Hospitali haina faragha. Ukitaka kuonyesha kwamba vitanda havitoshi, onyesha kitanda, onyesha sakafu, usimwonyeshe mama. Na mkubwa akitaka kukasirika, aanze kukasirikia sakafu.

Kuhusu kuchukua bila kuuliza, tuna mfano wa hapahapa. Mji tuliokaa unabeba jina la mtu. Pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, mnajua walikozikwa mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Na mnajua yanayosimuliwa juu ya Nduna Songea Mbano, kwamba kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama palepale akaomba radhi mbele ya ukoo wake. Alisema watajaribu kukitafuta, lakini hawezi kuahidi kwamba kitapatikana. Tangu 1906 hadi siku ile ni miaka 117. Kitu cha mtu kimechukuliwa na watu ambao hawakumuuliza, kimepita mikononi mwa wasiojulikana, na sasa hata anayetaka kukirudisha hajui kiko rafu gani.

Nimalizie na langu, ambalo sijawahi kulisema hadharani. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nisichokitaja, aliletwa mzee aliyeangukiwa na mti. Jeraha lilikuwa la ajabu, la aina inayoonekana mara moja kwa miaka thelathini. Nilipiga picha. Nilijiona mwangalifu: jeraha tu, uso sikuugusa. Nikaituma kwenye kundi la wenzangu niliosoma nao, kwa ajili ya elimu, kama tunavyopenda kusema. Siku ya tatu ikanirudia kutoka kwa shemeji yangu wa Mbinga, imeandikwa kwamba huyo ni mwizi aliyekatwa mapanga.

Mzee alikuwa ameshafariki. Siku chache baadaye binti yake alikuja, mwanamke wa miaka arobaini hivi, amefunga kitenge cheusi. Alikuwa nayo kwenye simu. Nikamwambia haiwezi kuwa baba yako, hakuna sura. Akaikuza kwa vidole viwili, akanionyesha pembeni kabisa, chini ya kitanda, ambako mimi sikuwahi kutazama. Palikuwa na kandambili ya tairi, ukanda wake umeshonwa kwa waya wa shaba. "Waya huu niliushona mimi," alisema.

Nikaomba radhi. Nikamweleza kwamba picha ilikuwa moja tu, na kwamba kwenye simu yangu nimeshaifuta, nikataka hata kumwonyesha. Hakuitazama simu. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Na hizo nyingine, kaka, utanirudishia lini?"